Mifupa ya Mbwa

Kiwanda kiliponiachisha kazi, nyama tuliisahau. Kila Jumamosi nilienda kwa bucha moja hapa Makongeni nikaomba mifupa ya mbwa, kwa sababu hiyo huuzwa bei ya kutupa. Mbwa hatuna, mwenye ploti tunayopanga hataki hata paka. Niliichemsha asubuhi nzima, nikapikia sukuma kwa hiyo supu, watoto wakala na ugali. Sikuona aibu. Sikuona chochote.

Jumamosi moja nikafungua gazeti ambalo mwenye bucha alifungia mifupa, nikakuta ameweka na kitunguu. Mbwa gani anakula kitunguu? Nikakikata, nikakikaanga.

Wiki iliyofuata nikaomba tena ya mbwa. Akaipima bila kuniangalia.

“Mama, anakula vizuri lakini?”

“Anakula,” nikamwambia.