Gitaa Lililomeza Milio ya Mji

Mkitaka kucheka, chekeni sasa, kisha mnisikilize. Haya sikusimuliwa na jirani, wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, macho wazi, mkononi nimeshika chuma cha kulehemu chenye moto.

Ilikuwa miaka ya uasi, Kisangani bado ikiitwa Stanleyville. Papa, baba yangu mzazi, alikuwa fundi wa redio mtaa wa Kabondo. Alipofariki, karakana yake ikabaki kwangu: meza moja, redio mbovu, na mikebe ya maziwa iliyojaa vipuli. Nilikuwa na binti mchanga, Zaina. Tangu bunduki zianze kulia upande wa Kapalata, mtoto yule halali. Akisinzia, mlio mmoja tu anashtuka, analia mpaka pumzi inamkatika. Aliyelea anaujua uchovu ule.

Siku hiyo ilinyesha mvua yetu ile isiyo na haraka. Akaingia mwanamke wa makamo, amefunga kitenge kizuri, gitaa la umeme mgongoni. Kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesumbuliwa na mbu sikioni.

"Mama, hii gitare inalia sana," akasema. "Inanichoma. Nataka ikuwe na sauti ya chini, sawa mayi ya mutoni."

"Bon, sawa, ilie kama maji. Tuifungue," nikamjibu.

Kwa asiyejua: ndani ya gitaa mna kipuli kiitwacho kondensata. Ni kama kijimlango. Sauti kali hupitia hapo, huingia kwenye waya wa ardhi na kupotea. Kondensata kubwa hupoteza nyingi, ndogo hupoteza chache. Ukiona zinapotea mno, unaongeza rezistansi, nayo inasimama mlangoni kama bawabu.

Nikamwaga mkebe mezani. Yeye akawa anaokota kondensata moja moja, anaiweka sikioni, anatikisa kichwa. Umewahi kuona mtu akisikiliza kipuli ambacho hakijaungwa na kitu? Mwishowe akashika moja nene kama kidole gumba, ya redio kubwa.

"Hiyo itameza kila kitu," nikamwonya. "Ngoja nitie na rezistansi kidogo."

"Usitie. Acha yote ipite, mama. Niko nachoka."

Nikalehemu alivyotaka. Tukachomeka gitaa kwenye redio ya papa iwe kipaza sauti. Akapiga.

Niaminini. Kwanza mvua juu ya mabati ikapoteza ncha zake, ikawa kama mtu anayepapasa blanketi. Nje nikamwona jogoo wa jirani, shingo imenyooka, mdomo wazi, sauti hakuna. Bunduki za Kapalata zikawa kama godoro linalokung'utwa mbali sana. Zilibaki nyuzi nene za gitaa tu, na ngurumo ya maporomoko ya Wagenia kule mtoni, ambayo sikuwahi kuisikia kutoka pale mezani. Mwili ukanilegea, utamu ukanipanda kama usingizi wa asubuhi. Nikamtazama Zaina kwenye mkeka: amelala! Machozi yakanitoka kwa furaha.

"Iko vizuri?" nikamuuliza mgeni.

"Siku moja kule barabarani walipiga risasi," akasema kwa sauti nzito kama nyuzi zile, vidole bado vinatembea. "Watu wote waliisikia, ikaisha. Kwangu haijaisha. Iko inalia mpaka leo." Akainua kichwa, kikanyooka kwa mara ya kwanza. "Sasa ndiyo inanyamaza."

Risasi ile ilimpata nani, au yeye mwenyewe? Sikuthubutu kuuliza. Nikamgeukia mtoto.

Zaina alikuwa ameamka. Mdomo wazi, uso umelowa, miguu inapiga mkeka. Alilia kwa nguvu zake zote, nami simsikii. Nikaweka sikio kifuani pake: moyo unadunda, kilio hakuna.

Nikashika koleo.

"Mama, nakuomba," akaniambia kwa sauti ileile nzito. "Kidogo tu. Sijalala tangu ile siku."

"Nisamehe, dada. Ni mutoto wangu."

Nikakata waya. Milio yote ikarudi kwa kishindo: mvua, jogoo, bunduki, na Zaina juu ya vyote. Nikamkumbatia. Nilipoinua macho, mwanamke hayupo, gitaa halipo, waya wa redio unaning'inia mezani. Barabara nzima tupu.

Zaina leo ni mama wa watoto. Mimi masikio yangu hayakupona sawasawa. Ndege siwasikii. Mjukuu akipiga filimbi, naona mashavu yake tu yakivimba. Daktari anasema ni uzee. Lakini yalinianza mwaka ule, nikiwa bado kijana.

Nanyi mnaotengeneza magitaa, mteja akitaka mumwondolee ukali wote wa sauti, mkatalieni. Mwachieni hata chembe. Lakini msimfukuze. Mpeni kiti kwanza, mumuulize kwa upole amelala lini mara ya mwisho. Mimi sikumuuliza, na mpaka leo sijui dada yule amepumzika wapi.