Miisho ya Bwana Chathunni

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa Wamalayali wa nyumbani na wa Ghuba, kwamba sinema ya lugha yetu ya Kimalayalam imempata mkombozi wake. Si wale waliokuwa wakipakwa poda kwenye studio za Madras. Ni Bwana Chathunni, mpanga herufi wa kiwanda cha chapa cha Mundakkara, ambaye leo kamati ya maktaba imemvika shali ya nyuzi za dhahabu, baada ya hotuba kumi na moja.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ndogo. Kila filamu ilipoingia, mlangoni mwa banda la sinema la makuti la tajiri Lonappan kiliuzwa kijitabu cha nyimbo pamoja na hadithi kwa ufupi. Hadithi ilikatwa pale binti anaposhika chupa ya sumu, kisha mstari mmoja: yaliyobaki utayaona ndani. Chathunni ndiye aliyeiandika. Kila mara alitazama onyesho la kwanza hadi mapumziko, kisha Lonappan akamtoa kwa kola akapange herufi, ili vijitabu viwahi onyesho linalofuata. Kwa miaka kumi na moja hakuona mwisho wa filamu hata moja. Hilo hakumwambia mtu, kwani hotelini kwenye chai alisogezewa benchi kama mtu mwenye siri za serikali.

Mkewe, Madhavi, aliteseka zaidi.

"Sema basi, anakufa au hafi?"

"Nenda ukaone."

"Una roho mbaya wewe. Umeirithi kwa mama yako."

Jumapili moja ya masika, Madhavi akamburuta mpaka bandani, onyesho la saa tisa. Ilikuwa filamu ya kaka wawili wanaogombea nyumba ya ukoo, na mke wa mkubwa anayelia tangu jina la filamu lilipotokea. Mkanda wa mwisho ulikuwa ukitumiwa kwa zamu na banda la ng'ambo ya mto. Mto ukafurika, kivuko kikasimama, na mleta mkanda kwa baiskeli akabaki huko akivuta sigara zake za bidi. Taa zikawashwa mke akiwa ukingoni mwa kisima, mguu mmoja hewani.

Watu wakaanza kung'oa makuti.

"Lonappan, mwizi wewe! Mtoe huyo mama kisimani!"

"Jamani, kaka Chathunni yumo! Yeye miisho yote anaijua!"

Wakambeba mpaka mbele. Akikiri hajui, heshima ya miaka kumi na moja imekwisha, tena mbele ya Madhavi. Akakohoa. Akasema mke hakujirusha. Kaka mdogo alifungwa, nyumba ikauzwa, na mama yule akaenda Thrissur, akajifunza cherehani, akafungua duka. Mume hakutajwa tena.

Upande wa wanawake walisimama kwa shangwe. Madhavi alipiga kelele mpaka akakaukiwa sauti.

Kesho yake mkanda ukafika. Kumbe kaka wawili wanakumbatiana, na mke anaangukia miguu ya mume, akilia vilevile. Ukumbi ukazomea.

"Wameiharibu! Weka mwisho wa Chathunni!"

Lonappan hakuwa mjinga. Kwa wiki mbili alizima mashine mke akiwa kisimani, Chathunni akapanda kumalizia kwa mdomo. Wasomi wakaja kutoka Kozhikode na madaftari. Mmoja aliandika kwamba hapa ndipo mwanamke wa sinema ya Kimalayalam alipopata uhuru wake.

Basi leo, miaka mingi baadaye, hotuba ya kumi na moja ilipokwisha, katibu wa maktaba akamsogezea mzee kipaza sauti.

"Mwalimu wetu, umma unauliza: ni falsafa gani iliyokuongoza kumwacha yule mama aishi bila mume?"

Chathunni akarekebisha shali, akamtazama Madhavi aliyekaa safu ya tatu.

"Mwisho wa filamu mimi sijawahi kuuona. Na siku ile jina la mume lilinitoka kichwani, nikaona nisimtaje."