Mchora Njia za Meli Alipokuja Embu na Meru

Niliondoka nyumbani kwa hasira, na sioni haja ya kulificha hilo.

Naitwa Wanjira, nina ofisi ndogo ya safari mjini Embu, ghorofani, juu ya duka la dawa. Kwa miaka mingi nimewauzia watu tiketi za ndege na kuwapangia makanisa safari za pwani. Mwaka huu kampuni moja ya meli za kitalii, zile kubwa zenye bwawa la kuogelea na vyumba vya michezo ya watoto, ilitangaza kwamba Desemba itazunguka Bahari ya Hindi na kwamba Mombasa imo. Nikawaambia wateja wangu. Familia kadhaa za Kanja, Mikinduri na Timau zikasema ziko tayari, watoto wakaanza kuniamkia njiani wakiniuliza habari za meli.

Kisha ratiba kamili ikatoka. Meli ingefika Mombasa asubuhi, watalii washuke, watembezwe, warudi ndani jioni, basi. Mtu kupanda pale hakuruhusiwa. Anayetaka kusafiri nayo apande ndege kwanza mpaka nchi nyingine, kwenye kisiwa kilichochaguliwa kuwa bandari yake ya nyumbani, yaani pale safari inapoanzia na kuishia.

Nikampigia simu mwanamke anayechora njia za meli hizo upande wetu wa dunia. Anaitwa Bi Zuhura, mzaliwa wa Mombasa, ofisi yake iko Nairobi. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Dada yangu, familia za bara, hasa hizo za mlimani, hazisafiri kwa meli. Tungefurahi kuwachukua, lakini hawapo."

"Umewahi kuja kuwatafuta?"

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wake.

"Basi njoo. Gari ninalo, na nyumba za kulala ziko."

Nilidhani atakata simu. Akasema atakuja wiki ile ile.

Asubuhi ya siku tuliyopatana alifika Embu akiwa amejitanda mtandio mzito, tayari anaona baridi. Tulikunywa chai ofisini, tukashuka, nikakamata usukani. Tulipouacha mji nikamwambia anieleze bila kunizunguka, bandari wanazichaguaje?

"Kwanza si bahari," akasema. "Kwanza ni watoto. Meli ya familia haiwezi kukaa majini siku nyingi mfululizo bila kugusa nchi. Watoto huchoka, wazazi hugombana. Kwa hiyo tunatafuta bandari ambazo ukilala umeondoka moja, ukiamka uko jirani na nyingine. Halafu kina cha maji, maana si kila gati linaweza kuipokea. Bandari ya nyumbani ina mengine zaidi. Iwe na ndege nyingi karibu, hoteli za kulala mgeni aliyefika mapema, soko la kujaza chakula. Halafu tunaangalia shule zinafunga lini."

"Shule za wapi?"

"Za Ulaya, zaidi."

"Na zetu?"

"Desemba zenu zimefungwa, najua. Lakini Desemba Mkenya haendi baharini, anakwenda ocha, kwao kijijini. Hilo hata mimi ninalijua bila kuambiwa."

Nikaongeza mwendo. Alikuwa amesema kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Tulipofika Kanja, Mama Wawira alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza, kile cha kutolewa wakija wageni wa kanisa. Yeye na mumewe, Baba Wawira, wana kahawa, ndizi, na ng'ombe wawili wa maziwa. Alitupakulia mukimo wa viazi na mahindi, tukala kwanza kama ilivyo desturi, ndipo Bi Zuhura akamuuliza, kwa upole kabisa, kama kweli wangeiacha nyumba wakati wa Krismasi.

"Kwa nini tusiiache?"

"Si ndio wakati watu wanakuja nyumbani?"

Mama Wawira alicheka kicheko kisicho na furaha. "Madam, wanakuja kwa nani? Wanakuja kwangu. Mashemeji kutoka Nairobi, wake zao, watoto wao. Mimi naingia kwa hiyo jikoni siku ofisi zao zinafungwa, natoka siku zinafunguliwa. Wao wanakwenda ocha. Mimi naishi ocha. Sasa niambie, mimi nakwenda wapi?"

Baba Wawira akatazama nje kama aliyekumbuka jambo shambani.

"Na ng'ombe?" Bi Zuhura akauliza.

"Hao mashemeji watakamua," akasema Mama Wawira. "Si wao hupenda kusema wamemiss maisha ya kijijini?"

Hapo hata mumewe alicheka. Tulirudi garini, tukapita Chuka, tukashuka na kupanda mabonde ya mito, moja baada ya jingine, mpaka Bi Zuhura akanishika bega. "Lile la ocha halimo katika hesabu zetu," akasema. "Tuliwaona wanaosafiri tu. Hatukuwaona wanaowapokea."

Nilianza kuamini kwamba safari itakuwa nyepesi. Nilikosea.

Alasiri tulifika Mikinduri, soko likiwa limechangamka, miraa inafungwa kwa majani ya migomba na magari yanangoja kuondoka mbio. Tulipokewa na Kathure, muuza nguo na kiongozi wa kikundi cha kina mama waimbaji. Yeye na wenzake walikuwa wamekubaliana kusafiri pamoja, kila mmoja na wanawe. Nilipomtambulisha mgeni na kampuni yake, uso wa Kathure ulibadilika.

"Ni nyinyi?" akasema. "Kumbe ni nyinyi mlimtuma yule mtu?"

Nikauliza mtu gani. Kathure akanieleza kwamba alikuja mwanamume mmoja kutoka pwani akitafuta vikundi vya ngoma. Alisema kuna meli itakuja Mombasa na wageni wanataka kupokewa gatini kwa nyimbo za kwetu, kina mama wavae lesho zinazofanana, waimbe mpaka wageni waishe kushuka, kisha warudishwe kwa basi.

"Mimi nikamuuliza, na sisi tukipanda hiyo meli, nani atatuimbia? Akacheka. Alidhani ni mzaha."

Nilimgeukia Bi Zuhura. "Ulijua?"

Angeweza kusema ni kazi ya idara nyingine. Hakusema. "Nilijua. Mimi ndiye niliyependekeza wageni wapokewe hivyo."

Nilimwambia, mbele ya Kathure na wenzake waliokuwa wamesogea, kwamba kumbe njia ya kufika Mikinduri waliijua vizuri sana. Walijua tuko wapi walipotaka waimbaji. Walipotafuta abiria ndipo tukawa hatupo.

Kathure ndiye aliyetuvutia viti. "Muga, kaeni," akasema kama anayetusalimu upya, "hasira haitatupeleka Mombasa." Akamtazama mgeni moja kwa moja. "Waimbaji hutapata hapa. Ukitaka abiria, sisi hawa. Tukikaa ndani ya hiyo meli tukifurahi, tutaimba wenyewe bila kuombwa, na atakayependa asikilize."

Wenzake wakaitikia kwa sauti moja.

Tulilala Meru. Asubuhi iliyofuata tukapanda kuelekea Timau, mashamba ya ngano yakifunguka kushoto na kulia, upepo ukisukuma gari. Bi Zuhura alianza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema utotoni alikuwa akivuka kivuko cha Likoni na mama yake, na kila meli kubwa ya wageni ilipoingia alihesabu madirisha mpaka yakampotea.

"Mpaka leo sijasafiri nayo kama abiria," akasema. "Huingia kwa kikao, nikaonyeshwa vyumba, nikashuka. Nimechora njia ambazo sijazipita."

Timau tulimkuta Gakii akiwa na siku yake ya mapumziko. Anafanya kazi katika shamba la maua, mumewe Mutwiri ni dereva wa trekta kwenye ngano. Nyumba yao ni ya mabati, ndani jiko la makaa linawaka mchana kutwa. Gakii alitoa habari mbaya kabla hatujakaa vizuri.

"Desemba wamenikatalia likizo, Wanjira. Maua ya sikukuu ni mengi. Wamenipa Agosti. Meli haiwezi kuja Agosti?"

Bi Zuhura akatikisa kichwa. Agosti bahari yetu inachafuka kwa upepo wa kusi, akaeleza, na watoto wa Ulaya wamefunga shule, kwa hiyo meli yote iko kwao. Hilo hakuweza kulibadilisha, wala hakujifanya anaweza. Lakini alikuwa amewasiliana na wakubwa wake, na alikuwa na kitu mkononi. Meli ikitua Mombasa, familia zetu zikaribishwe ndani kwa siku hiyo. Wale chakula cha mchana, watoto waogelee, wapige picha, jioni washuke kabla haijaondoka.

Mutwiri akasema polepole, "Hata hiyo si mbaya."

Nakiri kwamba nami nilipima. Niliwafikiria wale watoto wa Kanja wakiruka ndani ya lile bwawa. Nilijua pia kwamba nikikataa, huenda tukakosa vyote, na lawama nitaibeba mimi peke yangu.

Gakii ndiye aliyetangulia kusema. "Mimi sitakwenda kwa vyovyote, kwa hivyo nisikilizeni, sina langu hapa. Msikubali. Unapelekwa ndani, unaonyeshwa kitanda, halafu unaambiwa shuka, wenyewe wanaondoka? Utasimama hapo gatini na watoto wako mkipunga mikono? Watoto watauliza kwa nini sisi tumeshushwa. Utawajibu nini?"

Nikamwambia Bi Zuhura jibu letu ni hapana.

"Dada, hiki ndicho nilichopewa."

"Si meli inazunguka, safari baada ya safari, na kurudi tena Mombasa?"

"Inarudi."

"Basi atakayepandia Mombasa atashukia Mombasa. Hatuombi muihamishe bandari yenu ya nyumbani. Tunaomba mlango ufunguliwe na huku."

Akanieleza ugumu wake, na ulikuwa wa kweli. Maofisa wa pasipoti, mizigo kukaguliwa, mafunzo ya kujiokoa kurudiwa kwa abiria wapya, vyumba kukaa vitupu mpaka Mombasa. Nikamwambia hayo yote ni kazi, na kazi hufanywa. Alinitazama, akamtazama Gakii, akafunga mtandio wake.

Mchana nilimfikisha kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki. Hakuniahidi kitu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Nitagombana nao," akaenda.

Nililala Karatina kwa dada yangu, na kesho yake nikashuka kupitia Kutus kurudi nyumbani. Njiani nilikuwa nikitafuta maneno ya kuwaambia wateja wangu, jinsi nilivyokataa mlo wa bure kwa niaba yao. Na bado sikujuta. Nilikuwa nimejifunza kwamba ramani za namna hii hazishuki kutoka mbinguni. Wanadamu huketi chumbani wakazichora kwa kuwafikiria watu wanaowajua, na asiyejulikana huachwa nje bila mtu yeyote kumchukia. Ndiyo sababu kuachwa kwa namna hiyo kusipokelewe kimya.

Nilipofika Embu niliingia kujaza mafuta. Simu ikalia. Ilikuwa Bi Zuhura, sauti imekauka kama ya mtu aliyebishana asubuhi nzima. Bandari ya nyumbani inabaki kule kule kisiwani, akasema. Agosti haipo. Lakini kwa safari moja ya Desemba vyumba vichache vitafunguliwa kwa kupandia na kushukia Mombasa, na ikienda vizuri watazungumza tena.

"Vichache ni vyetu?" nikauliza.

"Ni vyenu. Na kimoja nimekilipia mwenyewe. Nakuja na mama yangu."

Nilitoka garini nikapiga ukelele kwa Kiembu, katikati ya kituo cha mafuta, watu wote wakageuka. Mhudumu akaacha pampu akanikimbilia.

"Mathe, kuna shida?"

"Hakuna. Tunapanda meli."

"Nani?"

"Sisi."