Siku Niliyojifanya Mwimbaji wa Roki Gonja

Nakiri mapema ili mnicheke mara moja tuendelee: yule Mkenya aliyepigwa mgongoni jukwaani mbele ya nusu ya Gonja ni mimi, na mpaka leo nikipita sokoni kule kuna akina mama wananiuliza kama koo limepona. Nawajibu limepona, asante, kwa sababu kueleza yote ni kuanza aibu upya.

Nilihamia Same kutoka Nakuru kwa kazi ya kukagua tangawizi kabla haijapakiwa kwenda kwetu, nikapanga chumba kwa Mama Nakijwa, mjane wa Kipare, Mlutheri wa kweli kweli, ambaye alinipokea kama mwanawe na kunifundisha kwa upole kwamba huku hawasemi "nipe chai", wanasema "naomba chai" (miezi miwili ya kwanza nilikuwa nawaamrisha watu mji mzima bila kujua). Maisha yalikuwa mazuri, sina malalamiko, ila nilikosa kitu kimoja tu, muziki wa roki. Nakuru nilikuwa sikosi onyesho, nasimama mbele kabisa karibu na spika, naruka mpaka kamba za viatu zinafunguka. Same niliuliza kazini, nikauliza saluni, wote wakanionea huruma na kunishauri nijiunge na kwaya.

Sasa siku moja niko Gonja, juu milimani, nakagua magunia, nikasikia nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma kitu kinakwaruza, nikajua ni mashine ya kukata nondo, halafu ile mashine ikabadilisha noti za muziki. Niliyaacha magunia hapo hapo. Kule nyuma nikawakuta watu watatu: Hassani mwenye karakana, anapiga dramu, Eliakimu, muuguzi, bado yuko na sare yake ya kazini, na ndiye aliyekuwa anakwaruza, kumbe lilikuwa gitaa, na mwalimu Tumaini, mtu mpole sana, anapiga besi huku ameangalia ukuta. Walikuwa wanapiga roki, tena roki yao wenyewe, Kiswahili na Chasu, yaani Kipare, kidogo, wimbo wa barabara ya mlimani inavyokatika mvua zikianza. Nilisimama mlangoni machozi yananilenga. Nchi ya watu, nimekaa mwaka mzima nikijua niko peke yangu, kumbe wenzangu wako nyuma ya mageti ya chuma!

Walipomaliza nikawasifu mpaka wakaona haya. Eliakimu akaniuliza kama huko Kenya nilikuwa kwenye bendi. Hapo ndipo ningesema hapana, mimi ni shabiki tu, wangenipa kiti, ningesikiliza, na maisha yangeendelea.

"Nilikuwa naimba," nikasema.

(Uimbaji wangu wote ni huu: bafuni, na mara moja Nakuru mwimbaji aliposhusha maiki kwa watu wa mbele nikapiga kelele neno moja.)

Wakatazamana. Kumbe mwimbaji wao alikuwa amehamishwa kikazi, na zilibaki siku kumi ifike sherehe ya wakulima wa tangawizi kwenye uwanja wa shule, na kamati ya wazee, iliyokuwa imewakatalia mara mbili kwa sababu muziki wao ni kelele, safari hii ilikuwa imewapa wimbo mmoja wa majaribio. Wakiharibu, basi. Tumaini, ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike, aliniambia taratibu, "Dada, Mungu amekuleta." Sasa mtu anaambiwa hivyo anajibu nini? Nikasema amina.

Kwenye mazoezi nilikuwa nafungua mdomo nusu, nawaambia nailinda sauti, na wao wakaniheshimu zaidi, wakasema ndivyo wanavyofanya wanaoijua kazi. Nikajipa moyo kwamba siku yenyewe sauti itatoka tu. Hassani naye akafunga spika kwenye pikipiki yake, akapita vitongoji vyote kutangaza mwimbaji wa kimataifa kutoka Kenya, habari ikashuka mlima mpaka Same, Mama Nakijwa akaisikia kanisani. Jioni yake alikuwa anapiga pasi kitenge chake kizuri. Nilimwambia asijisumbue, ni mbali. Akasema mtoto wake anaimba, atakaaje nyumbani? Akaja na wanawake wenzake saba wa kwaya, wakakaa mstari wa mbele.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, uwanja umejaa. Muziki ulianza vizuri sana, ilipofika zamu yangu nikafungua mdomo na maneno hayakuwepo. Hata moja. Kwa hofu nikakumbuka wale waimbaji wa Nakuru wanaonguruma kutoka tumboni, nikasema liwalo na liwe, nikanguruma. Kwa sekunde mbili niliona nimepatia kabisa. Halafu nikapaliwa kweli, nikainama, nakohoa huku nimeshika shingo kwa mkono mmoja na maiki kwa mwingine.

Mama Nakijwa alipanda jukwaani kabla sijavuta pumzi. Akanipiga katikati ya mabega kwa kiganja, na kwa kuwa maiki ilikuwa mdomoni, kila kofi lililia kwenye spika zote mbili kama gunia linaloanguka, na Hassani (aliniambia baadaye hakujua afanye nini) akawa anayafuata yale makofi kwa dramu. Watu wakaanza kushangilia.

"Tema, mwanangu," sauti ya Mama ikasikika uwanja mzima. "Tema. Umekula nini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi mwenyewe ningecheka, ila niligeuka nikamwona Eliakimu. Alikuwa ameacha gitaa likining'inia, anaitazama meza ya wazee, na uso wake sikuweza kuuangalia mara mbili. Nikasimama wima.

"Sijakabwa na chakula, Mama," nikasema kwenye maiki. "Sijui kuimba. Nimewadanganya hawa wenzangu, na wao kazi yao wanaijua. Naomba muwasikilize."

Mzee Kaleghe, mwenyekiti wa kamati, aliuliza bila kuinuka kwenye kiti, "Sasa nani anaimba?"

Wala hatukupanga. Tumaini alisogea, akafumba macho, akauimba ule wimbo wa barabara (kumbe maneno yote alikuwa ameyatunga yeye, ni haya tu iliyokuwa inamfungia ukutani). Kila mtu pale alishawahi kukwama kwenye ile barabara na mzigo wake. Kufika kiitikio cha pili Mama alisharudi mstari wa mbele, na wale wanawake wote wanane walishakidaka, tena kwa sauti nne, na Mzee Kaleghe akaagiza urudiwe.

Niliwaomba radhi siku ile ile. Hassani alicheka, Tumaini akanishukuru (nikazidi kuona aibu), Eliakimu baada ya siku tatu akanitumia ujumbe kwamba Jumamosi kuna mazoezi na wanahitaji mtu wa kushika nyaya. Sasa kila Jumamosi napanda Gonja, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nasikiliza, na sina ninachokidai zaidi ya hicho.

Juzi kamati imewaandikia barua ya kuwaalika tena. Wamepewa nyimbo nne, na mwishoni Mzee Kaleghe ameongeza kwa kalamu yake kwamba yule dada Mkenya anakaribishwa sana, akae na wasikilizaji. Nimeisoma mara tatu na sioni pa kubisha. Nimejiapiza pia, na Mama Nakijwa ni shahidi, kwamba mtu akiniuliza mimi kwenye muziki napiga nini, nitamwambia napiga makofi.