Kipande cha Shaba Ndani ya Mafuta

Shernette Dacres hakupenda kuitwa mganga. Wanawake wa milimani Westmoreland waliokuja kibarazani kwake na chupa tupu walimwita Mama Tia tu, kwa jina la bintiye, na kwa kweli mafuta yale ya bangi alianza kuyapika kwa ajili ya mtoto huyo. Aliloweka bangi kwenye ramu kali nyeupe, akachuja, akaivukiza ramu taratibu mpaka yakabaki mafuta mazito. Masalio ndiyo aliyowagawia wenzake: huyu kwa ajili ya magoti, yule kwa ajili ya usingizi.

Tia alikuwa na kifafa. Zamani kilimwangusha hata kijiko cha uji wa ndizi kikiwa mdomoni. Alipoanza mafuta kikapungua, kikawa kinampitia mara mojamoja, na mtoto akapata nafasi ya kukua. Akawa na maneno. Kuku wote wa pale nyumbani aliwapa majina, na jioni alisimama kwenye mlango wa banda akiwaingiza mmojammoja: Bi Inez, Shemasi, Konstebo. Anayechelewa alifokewa. Shernette aliacha vyombo kwenye beseni ili amsikilize.

Mwaka ule mvua zilikataa kwisha. Bangi ya Ras Everad, mkulima aliyemuuzia siku zote, ikashikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, naye akaipulizia dawa ya salfa mpaka kwenye maua. Mafuta yakatoka yananuka mayai viza. Tia akayatema. Alitema kesho yake na siku iliyofuata, na usiku huo kifafa kikamrudia, kikamwachia ulimi uliokatika pembeni.

"Ras, umeniletea nini?" Shernette alimwuliza. "Mtoto anatema."

"Dada yangu, ningefanyaje? Unga ulishapanda mpaka kileleni. Bila salfa ungepika ukungu. Harufu itaisha."

"Itaisha lini, Bwana akirudi?"

"Basi si mbali," Ras akacheka, kisha akaona sura yake, akaacha kucheka.

Baba yake Shernette, Mzee Linval, alikuwa palepale anamenya kiazi kikuu. Ujana wake wote aliutumia kwenye mtambo wa ramu huko bondeni. Kiwanda kilipofungwa hakuna aliyemwambia hata ahsante, basi alikata kipande cha bomba la shaba kwenye mtambo, akakificha chini ya shati, akakitundika juu ya kitanda chake. Tangu hapo hakuna mtu aliyemwuliza chochote, isipokuwa kama ameshakula.

"Salfa ndiyo inawahangaisha?" akasema. "Sisi tulikuwa tunaiachia shaba iile. Ramu isiyogusa shaba inanuka kama choo cha soko."

"Baba, haya ni mafuta. Siyo ramu."

"Na unaloweka kwenye nini? Maziwa?"

Akaenda kulichukua lile bomba. Alimfundisha kama alivyofundishwa yeye: lisugue kwa ndimu mpaka ling'ae, usilisuuze, lizamishe kwenye ramu pamoja na bangi, uliache humo. Asubuhi walilitoa limekuwa jeusi tii. Shernette akanusa mtungi, akanusa tena. Harufu ilikuwa imekwenda.

"Unaona?" Mzee Linval alisema. "Imekula yote, na haijashiba."

Tia alikunywa na kulamba kijiko. Tangu siku hiyo kusugua bomba ikawa kazi ya mzee. Alichuma ndimu mwenyewe, akakaa kwenye ngazi na kitambaa, na wanawake wakipita aliwanyanyulia shaba yake: "Mama Tia anapika, lakini fundi ni nani?" Wakamjibu, "Ni wewe, mzee, ni wewe." Shernette alimwona babake akianza kunyoa ndevu tena.

Miezi ikaenda. Tia akaanza kulalamika tumbo. Shelisheli ya kuchoma, aliyokuwa akiigombania, akaisukuma kando. Shernette alidhani ni minyoo, akampa dawa ya minyoo. Halafu kifafa kikarudi. Alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya: aliongeza matone ya mafuta. Kilipozidi, akaongeza tena.

Jioni moja alisikia ukimya bandani. Akatoka. Tia alikuwa amesimama mlangoni, kuku wanamzunguka, midomo yake inatafuta majina.

"Ingia, kuku," mtoto akasema. "Kuku, ingia."

"Huyu nani, mwanangu?" Shernette alimnyanyua yule jogoo mwekundu. "Huyu si Shemasi?"

Tia alimtazama mama yake kama aliyeulizwa kitu kigumu, akaanza kulia.

Zahanati walimtoa damu, wakaipeleka mjini. Majibu yaliporudi nesi alifunga mlango kwanza. Kwenye damu kulikuwa na risasi, madini yale yale ya kwenye betri, na ilikuwa nyingi.

"Majirani zenu wanavunja betri za gari?"

Shernette akakumbuka. Miaka ya nyuma kuna watu walivunja betri karibu na shamba la Ras Everad. Hakungoja. Alimkuta dukani mbele ya watu, akamwita muuaji wa watoto. Ras hakurudisha tusi. Alisema tu, "Dada, bangi hiyohiyo nampa mama yangu mzazi." Lakini watu walisikia la kwanza, na tangu siku hiyo hakuna aliyenunua kwake.

Nesi alikuwa amemwambia aoshe kila chombo cha mtoto. Akaosha vijiko, akaosha mitungi, na mwisho akalishika bomba. Ubavuni mwake ulipita mshono mrefu aliouunga fundi wa zamani kwa lehemu ya kijivu. Shernette aliukumbuka ule mshono, ulikuwa umevimba kama kovu. Akapitisha kidole. Kidole kikazama. Lehemu ilikuwa imelika, pale maji ya ndimu yalipokuwa yakituama kila mara, na kilichobaki kilikuwa laini, cha kijivu, kinakwanguka kwa ukucha kama risasi ya betri.

Alikaa chini jikoni. Salfa waliitoa. Risasi waliitia wenyewe, na yeye akaongeza matone.

Mzee Linval alitokea na ndimu mkononi. "Mbona umelikalia? Lete nilisugue."

"Baba, hii lehemu ni ya nini?"

"Risasi na bati. Ya zamani, siyo hizi za..." Aliitazama ile ndimu, akaiweka juu ya meza polepole, kama yai.

Kesho yake Shernette alipita nyumba kwa nyumba akidai chupa zake. Wengine walimrudishia, wengine walikuwa wamemaliza, mmoja aliyamwaga mafuta miguuni pake. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ras Everad, na hapo alikwenda kuomba radhi. Ras alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kung'oa bangi yake iliyokosa mnunuzi.

Siku hizi Tia anakunywa mafuta yasiyopitia shaba, yenye harufu yake yote ya salfa. Shernette anamshika pua, mtoto anameza na machozi, na kifafa kimeanza kusogea mbali. Mzee Linval akiona kijiko anatoka nje. Ndevu ameacha kuzinyoa.

Jioni Shernette anasimama bandani na binti yake. "Huyu ni Bi Inez," anamwambia. "Huyu Shemasi. Huyu Konstebo." Tia anarudia vizuri, jina kwa jina. Kesho yake wanaanza upya.