Mto Niliousingizia

Mwanangu, mimi sishtuki. Uliza mtu yeyote kutoka Matisi mpaka Lwakhakha. Nimelala porini Suam juu ya magunia ya vitunguu, nimekimbizwa na askari wa mpaka nikabaki na kiatu kimoja, nimesoma darasa la tano peke yake na bado nina nyumba ya matofali, ng'ombe wa gredi na lori inayotembea. Watu wenye digrii ndio huniamkia kwanza. Kwa hivyo nikikwambia iko siku moja naikumbuka, ambayo ukurasa mmoja wa daftari ulinitoa jasho nikiwa nimeketi kivulini, ujue si mchezo.

Lakini nianze mbali kidogo.

Miaka ile ya themanini, Mzee Makokha ndiye alikuwa msomaji wa kipimo cha mto Kuywa, huku kwetu Bungoma. Alikuwa ndugu ya mama yangu, khocha kama tunavyoita sisi. Kipimo chenyewe ni bati nene la chuma lililosimamishwa majini, limepakwa rangi nyeupe, limechorwa nambari nyeusi kama rula ya shule. Asubuhi na jioni khocha alishuka, akatazama maji yamefika nambari gani, akaandika kwenye daftari la ofisi ya maji. Kila siku, miaka kumi na tisa. Hata alfajiri ile nilipoletwa mtoni kupakwa matope ili niende nikatahiriwe, niko uchi natetemeka, nyimbo zimepanda, khocha alijitenga kidogo, akainama kwenye kipimo, akaandika, ndipo akarudi kunishika bega. Kile chuma alikiita shahidi.

Macho yake yalipoingia ukungu, ofisi ilitaka kijana anayejua nambari. Khocha akatoa jina langu. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini nilikuwa natafuta mtaji, nikakubali.

Afisa aliyenifundisha alikuwa mtu wa Pwani, Bwana Shee. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza, chetu kinakwaruza. Tulisimama ukingoni, akaniambia, "Kwetu kiko kipimo kama hiki baharini. Maji yakijaa husomwa, yakitoka husomwa. Mtu wa ufukweni huona bahari ni ile ile. Lakini weka pamoja vitabu vya miaka thelathini, ndipo utaona bahari imefanya nini. Siku moja haina maneno, bwana mdogo. Miaka ndiyo isemayo. Nawe ukitia humo siku moja ya uongo, hatutajua ni ipi, basi zote zitaingia shaka."

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Hii ni kazi ya kuangalia tu, bana. Hata mbuzi anaweza."

Akacheka. "Mbuzi angalau haandiki asichokiona."

Miezi mitatu nilisoma vizuri. Halafu biashara ya vitunguu ikashika, natoa Suam napeleka Kitale. Mtu hawezi kuwa Suam na Kuywa asubuhi moja. Nikagundua kitu, na nilijiona mwerevu kuliko ofisi nzima: wakati wa kiangazi mto hushuka polepole, kidole leo, kidole kesho. Sasa kwenda kufanya nini? Nikaanza kuketi kwenye kibanda cha chai pale Matisi, nafungua daftari, najaza wiki nzima kabla chai haijapoa.

Jumapili nilikuwa napita kwa khocha. Alikuwa haoni tena, lakini aliniuliza nambari za wiki, moja moja, akiziweka kichwani.

"Na Jumatano?"

"Mita moja na ishirini, khocha."

"Haya. Na Alhamisi?"

Nilimtajia mzee yule uongo, naye akaupokea kama chakula. Hilo, mwanangu, mpaka leo halijanitoka.

Ikaja masika ya mwaka mmoja, mvua mpaka vyura wakachoka. Barabara ya Suam ikakatika, nikakwama huko siku tisa. Niliporudi nikaketi Matisi, nikatunga. Kwa sababu mvua ilikuwa kubwa niliongeza kidogo, nikafika mita moja na tisini, nisionekane mvivu.

Jumapili khocha akauliza, "Alhamisi umeandika ngapi?"

"Mita moja na tisini."

Akasema, "Alhamisi nilishuka na fimbo yangu. Maji yalinikuta kwenye kichuguu changu cha kumbikumbi, kule juu ambako mita mbili hazifiki. Nilikigusa kwa mkono, mwipwa. Kilikuwa kinayeyuka kama sukari."

"Khocha, lakini wewe huoni."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Hakukasirika. Aligeuza uso upande ule mto unapovuma. "Mto uliokupaka matope ukawa mwanamume," akasema, "ndio unausingizia? Rekebisha daftari kabla halijaenda."

Nikamcheka, nikamwachia kilo ya sukari, nikaenda zangu. Daftari likaenda Bungoma mjini vile lilivyo. Mwaka ule kumbikumbi hawakutoka kwenye kichuguu chake, na watoto wakauliza mbona, na mimi nikajifanya sisikii. Muda si mrefu niliiacha ile kazi. Pesa zilikuwa zimeanza kunijua jina.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilinizungusha miaka minane.

Katika miaka ya tisini nikataka kisiagi, mashine ya kusagia mahindi. Mahali nilipapata pazuri ajabu, pale Kuywa, njia mbili zinapokutana, akina mama wa ng'ambo zote mbili wanapita na mahindi kichwani. Ploti ilikuwa chini kidogo ya kichuguu cha khocha. Injini nilishailipia Kitale. Ikabaki kwenda ofisi ya maji kuuliza mto uliwahi kupanda mpaka wapi, ili sakafu ijengwe juu ya hapo.

Nilienda na fundi wangu na yule aliyeniuzia ploti. Nilivaa suti. Bwana Shee alikuwa bado yuko, nywele zimekuwa mvi.

"Aa! Bwana mdogo amekuwa bwana mkubwa!" Akanipa mkono, akaingia ndani, akarudi na daftari. "Una bahati. Masika makubwa yale yana kumbukumbu kamili. Haikosekani hata siku moja."

Akaligeuza kwangu. Mwandiko wangu. Ile saba yangu yenye mkia. Na pembeni ya ukurasa, duara la kikombe cha chai ya Matisi.

Hiyo ndiyo siku niliyokwambia.

"Mita moja na tisini," akasema Bwana Shee. "Weka sakafu kwenye mbili na nusu, utalala usingizi."

Fundi akapiga makofi. "Si ni saruji kidogo tu basi! Boss, hii imekuja vizuri."

Mwanangu, ilitaka sentensi moja: Bwana Shee, hii nilitunga. Lakini pale nilikuwa boss. Yule wa ploti alikuwa ananiita mheshimiwa. Ningevuaje suti mbele yao? Mficha uchi hazai, methali hiyo nilikuwa naijua tangu utoto, na bado nilikunja mdomo, nikasema asante. Njiani nikaanza kujidanganya kwamba pengine nilikisia sawa. Mtu akishazoea kudanganya wengine, mwishowe hujigeukia mwenyewe, maana ndiye mteja wa karibu.

Jioni nikapita kwa khocha. Alikuwa amebaki mifupa na sauti.

"Unajenga chini ya kichuguu au juu?"

"Chini, khocha."

"Na daftari limesema nini?"

Nikamwambia. "Daftari ni lako," akasema, "na kisiagi ni chako. Mimi nina miguu tu, na miguu yangu ilikuwa majini."

Alifariki kabla ya msimu wa kupanda. Nilinunua jeneza la bei, nikachinja fahali, watu wakasema huyu mwipwa ana heshima. Neno moja la kuomba msamaha, ambalo halina bei, sikumpa.

Kisiagi kilisaga misimu miwili. Masika ya tatu mvua ikaja kama ile ya zamani. Adhuhuri maji yalipita mita mbili na nusu bila kugeuka nyuma, yakaingia mlangoni kama mwenye nyumba. Namshukuru Mungu hakuna mtu aliyekufa. Lakini injini ilikwenda, mabati yakaenda, na magunia ishirini na mawili ya majirani, chakula cha watoto wao, yalikwenda pia. Mjane mmoja alisimama kwenye tope, akanitazama, akauliza taratibu, "Si wewe ndiye ulikuwa unausoma huu mto? Sasa mbona hukutuambia?"

Nilipanda mpaka kwenye kichuguu. Alama ya tope ilikuwa imefika pale pale mkono wa kipofu uliposhika.

Nilienda kwa Bwana Shee bila suti, nikasema yote. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alichukua kalamu nyekundu, akaikata kazi yangu yote ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema, "Miaka ya mzee iko huku. Ya waliokufuata iko kule. Katikati umeacha shimo." Miaka kumi na tisa ya khocha nikaikata mkono namna hiyo, isishikane tena na iliyofuata.

Basi nasaha yangu ni hii, sikia vizuri. Ukipewa kitu cha kutazama, kitazame. Ukikosa kwenda, acha pengo, andika "sikwenda". Pengo ni aibu ya siku moja, lakini nambari ya kutunga hukungoja mbele ya safari, nawe ndiye utakayejenga juu yake. Na mzee akikwambia amegusa, usimwambie haoni.

Siku hizi nashuka mwenyewe asubuhi na jioni. Hakuna anayenilipa. Natazama, naandika.

Mungu akupe macho ya kuona na mkono usioandika zaidi ya macho. Mto uliokupaka matope usikukane, na watoto wako wakisoma mwandiko wako wasitoke jasho.

Na usije ukasikia hesabu hii kwa watu wengine: injini, saruji, mabati, na mahindi ya majirani niliyolipa gunia kwa gunia, jumla ilinigharimu shilingi laki moja, elfu themanini na saba, mia nne sabini na mbili. Hizo sabini na mbili za mwisho ni za daftari jipya, hili ninaloandikia sasa.