Kitanda cha Mgombea

Mwenzangu ninayepanga naye duka hapa La Rochelle, mtaa wa huku kusini mwa Afrika, ni msusi kutoka Bukavu. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Upande wa dirisha ni wangu kwa sababu ya mwanga, upande wa sinki ni wake kwa sababu ya maji. Katikati tumeacha njia ya wateja, na miaka yote hii hatujawahi kugombania mpaka huo, ingawa nywele zake za bandia hunata kwenye vitambaa vyangu na nyuzi zangu huishia kwenye vitana vyake. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mkali kwa wateja wanaochelewa, na ana mdogo wake mmoja tu duniani. Mdogo wake huyo ndiye aliyegombea ubunge Kanada.

Nilimfahamu huyo mdogo akiwa binti wa sekondari. Yeye na dada yake walikuja mtaani kwetu kutoka Alexandra, upande wa pili wa jiji, mwaka ule wageni walipopigwa na kuchomewa vibanda vyao. Walikuwa na mifuko miwili na sufuria. Dada mtu akaanza kusuka kwenye kona ya duka langu, na mdogo akawa anashinda humo akitoka shule, ameegemea marobota ya vitambaa, anasoma. Alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Nikishona zipu mgongoni, anauliza kwa nini isikae ubavuni. Mteja akilalamikia bei, anamtetea mteja. Siku moja nikamwambia, "Wewe utakuja kuwa wakili au mgomvi." Akajibu bila kuinua macho kwenye kitabu, "Shangazi, kwani kuna tofauti?"

Baadaye akapata nafasi ya kupelekwa Kanada kama mkimbizi. Karatasi za dada yake, ambaye alikuwa ameshaolewa na amejifungua binti, hazikutoka. Nilimshonea koti la safari kwa blanketi zito la Kisotho, nikaliwekea bitana mbili, nikajiona nimeumaliza ubaridi wa dunia. Alituambia kwenye simu kwamba koti lile lilifaa mpaka mvua za vuli, halafu theluji ilipoanguka ikalicheka.

Kule alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, akasoma jioni, akawa muuguzi, akapata uraia. Siasa zilimwingia kwa njia ya basi. Mtaani kwake waliondoa basi lililokuwa likipita mapema, ambalo wauguzi na wafagiaji walilitegemea kwenda zamu. Akaenda mlango kwa mlango kukusanya majirani, wakaenda ofisi hii na ile, wakagombana kwa adabu kama watu wa huko wanavyogombana, mpaka basi likarudi. Chama kimoja kilimwona, kikamwomba asimame.

Siku alipopiga simu kutuambia, mwenzangu alikuwa amemfikisha mteja nusu ya kichwa.

"Yaya," mdogo alisema, kwa maana ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa, "nimekubali kugombea."

"Kugombea nini? Na nani?"

"Ubunge. Bunge la jimbo."

Hapo nikaingilia mimi, kwa sababu kwetu Tanzania jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Nikamuuliza, bunge zima la jimbo moja mtakaa nani humo? Akacheka, akanieleza kwamba jimbo la huko ni kama nchi, lina serikali yake na waziri mkuu wake, na ndani yake vipo vijimbo vidogo, na yeye anagombea kimojawapo. Mwenzangu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bon, sawa. Mungu akuchunge," akakata simu. Kisha akamsuka yule mteja nusu iliyobaki kwa kubana hivi kwamba maskini alitoka dukani nyusi zimepanda.

Kampeni zikaanza. Alitutumia picha: vibao vyenye sura yake vimechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba za watu, yeye mwenyewe kwenye mvua, anabisha hodi. Picha moja ilitushangaza sote. Nyumba mbili zimepakana, moja ina kibao chake, nyingine kibao cha mpinzani wake, na wenye nyumba hizo wamesimama katikati wanaongea, mmoja ameshika kikombe. Mwenzangu aliikuza ile picha kwa vidole, akaitazama kila pembe.

"Hawa wanajuana?" aliuliza.

"Majirani," nikamwambia.

"Ngoja matokeo yatoke," akasema.

Mdogo aliniomba gauni la kitenge la kuvaa kwenye mdahalo, lenye mifuko, na zipu ikae ubavuni. Nilimshonea la bluu lenye majani ya njano, akalichukua msafiri mmoja wa kanisani kwao. Hiyo ndiyo siasa niliyoielewa mimi. Kwetu Tanga uchaguzi ni khanga na kofia, muziki juu ya gari, na vijana wa chama hiki kuwatania wa chama kile kibarazani. Nilidhani wasiwasi wa mwenzangu ni wivu mdogo tu wa dada aliyebaki nyuma. Nilikuwa sijamjua bado.

Siku chache kabla ya kura alinipa kitambaa, akaniomba mapazia ya chumba cha nyuma nyumbani kwake. Chumba kile nilikijua: kilikuwa stoo ya makatoni ya nywele, baiskeli mbovu na masanduku.

"Unapata mgeni?"

"Labda."

Nilipopeleka mapazia, nilikuta makatoni hayapo. Palikuwa na kitanda kimetandikwa shuka nyeupe zilizopigwa pasi, godoro jipya bado lina nailoni upande wa miguuni, taulo, sabuni kwenye kisahani, na ndala mpya chini. Mume wake, ambaye ni mlinzi wa usiku na siku zote yuko kati ya kuamka na kulala, alichungulia mlangoni akasema, "Mimi nimeambiwa nibebe godoro, nimebeba," akaenda zake.

"Mgeni mwenyewe ni nani?" nikauliza.

Mwenzangu alikaa kitandani, kikalia. "Mdogo yangu. Akishindwa."

Sikumwelewa. Akanieleza, akiwa anapapasa shuka kwa kiganja kama anaondoa makunyanzi ambayo hayakuwepo. Baba yao alikuwa mwalimu. Kwenye uchaguzi mmoja wa kwao alimfanyia kampeni mtu aliyemwamini, akazunguka naye, akamwandikia hotuba. Mtu wao akashindwa. Kabla wiki haijaisha watu walianza kuja nyumbani kuuliza maswali, mara ya kwanza mchana, mara ya pili jioni. Baba akamwambia amchukue mdogo wake, washike barabara ya Uvira, wakimbilie mpakani.

"Alisema atatufuata," mwenzangu alisema. "Hakufuata."

Nje kulikuwa na kelele za kombi inayopigia abiria honi. Nilibaki nimeshika pazia mikononi.

"Weye mwenzangu umeona uchaguzi wa kwenu tu," akaendelea. "Mimi minajua kushindwa iko namna gani. Njo maana. Akishindwa, akuwe na mahali pa kukimbilia."

"Akimbie kutoka Kanada?"

"Kutoka popote."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja. Nilipanda juu ya kiti, nikatundika mapazia, yeye ananielekeza kutoka chini: huku yamepanda, kule yameshuka.

Kura za kule zilifungwa jioni yao, huku kwetu kunapambazuka. Nilikwenda nyumbani kwake mapema, nikapitia kwa mama anayekaanga maandazi ya magwinya karibu na roboti ya kwenye kona, pale magari yanapongoja taa igeuke kijani. Jakaranda zilikuwa zimeangusha maua na barabara nzima ilikuwa ya zambarau. Binti yake, ambaye sasa yuko chuo kikuu, alikuwa ameweka kompyuta mezani, na namba zilikuwa zimeanza kupanda. Binti huyu anaelewa kila tunachosema, lakini ukimwongelesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mama yake anamjibu Kiswahili. Na hivyo ndivyo wanavyopendana.

Mwenzangu hakukaa. Aliosha vyombo safi. Kila baada ya muda aliuliza bila kugeuka, "Iko wapi sasa?"

Mwanzo mdogo aliongoza. Nilipiga kigelegele, jirani wa juu akagonga sakafu kutunyamazisha. Halafu wakawa sawa. Halafu mpinzani akapita mbele, kidogo, na kile kidogo kikakataa kuziba. Wakati huohuo kwenye ukurasa mwingine chama chake kilikuwa kinashinda viti huku na huku, mpaka ikatangazwa kwamba ndicho kitakachounda serikali ya jimbo. Tukawa hatujui tushangilie au tunyamaze. Chai ilipoa.

Hatimaye binti akasoma kwenye skrini, akafunga kompyuta polepole, akasema kwa Kiingereza kwamba imekwisha, mama mdogo amekosa.

Mwenzangu akanigeukia mimi. "Amesema je?"

Alikuwa ameelewa. Alitaka tu kuambiwa kwa Kiswahili, na mtu wa umri wake.

"Ameshindwa," nikasema.

Alikausha mikono, akavaa viatu, akachukua simu. Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akaenda chumba cha nyuma, nikamsikia anafungua dirisha ili hewa iingie. Alirudi akapiga tena, bure. Binti yake alimshika mkono, naye hakuuondoa.

Ndipo simu ikalia, ya video. Mdogo alijaa kwenye kioo na gauni lake la bluu, nyuma yake kuna muziki na watu wanacheka.

"Uko wapi?" mwenzangu alipiga kelele. "Uko salama? Nani iko na weye?"

"Niko ukumbini, Yaya. Tunakula keki."

"Keki ya nini na mumeshindwa?"

"Ilikuwa imeshanunuliwa."

"Na ule bwana? Ule amekushinda?"

"Nimempigia simu kumpongeza. Ameshukuru, tumeongea vizuri. Shangazi," aliniita mimi, "siku ya mdahalo mke wake aliniuliza gauni hili limeshonwa wapi!"

Moyo wangu ulichanua kuliko jakaranda, nakiri. Lakini mwenzangu hakuwa na nafasi ya gauni.

"Ngoja kwanza. Chama chenu si njo serikali?"

"Ndiyo."

"Na wameshindwa kukusaidia hata na kura kidogo?"

Mdogo alicheka mpaka akainama, akapotea kwenye kioo, tukaona dari tu na maputo. Binti naye alicheka, mimi nikacheka. Aliporudi alikuwa anajifuta macho, na dada yake alikuwa bado anamtazama vilevile, bila hata tabasamu.

"Nimekutandikia kitanda," alimwambia.

Kicheko kilikatika. Muziki uliendelea kule nyuma. Nilimwona mdogo akielewa; haikuhitaji kuelezwa, kwa sababu ile barabara ya Uvira waliitembea wote wawili. Alitoka ukumbini, tukasikia mlango ukifungwa nyuma yake na kelele zikabaki ndani. Alikuwa kwenye ujia mwembamba wenye makoti ya watu ukutani. Hapo ndipo alipolia. Nadhani alizililia kura pia, lakini si kura peke yake.

"Yaya," alisema, "hakuna mtu atakuja kuniuliza kitu. Kesho jioni nina zamu. Wazee wangu wananingoja, mmoja alinipigia kura na mwingine ameapa hakunipigia, na wote wawili nitawapa dawa zao."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kisha mdogo akasema, kwa sauti ndogo niliyokuwa sijaisikia tangu alipokuwa binti wa marobota ya vitambaa, "Nilitamani Baba aone. Mtu anashindwa, halafu anarudi nyumbani kulala."

Mwenzangu aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Mwisho akasema, "Haya. Lala basi. Umechoka." Na alipoirudisha simu mezani alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akala magwinya matatu yaliyopoa, moja baada ya jingine.

Tulichelewa kufungua duka. Wateja walikuwa wanangoja mlangoni, na yeye, ambaye huwakaripia wengine kwa kuchelewa, hakuomba radhi. Alifungua, akafunga aproni, akatangaza kwa sauti iliyofika kwenye spaza, kiduka cha vyakula cha jirani:

"Mdogo yangu ameshindwa uchaguzi Kanada!"

Mama mmoja wa Kirundi aliyekuja kusuka akashika kifua. "Yoo, pole sana, dada."

"Pole ya nini? Amekula keki. Amempigia simu ule amemshinda. Kesho anaenda kazi."

"Kazi ileile?"

"Ileile! Na basi lileile!"

Alilirudia hilo kutwa nzima. Mzee wa Kizanzibari aliyeniletea suruali kupunguza urefu alisimuliwa lote, na akasikiliza amesimama na suruali begani, anasema tu, "Enhe." Dada mmoja wa Kizulu, mteja wetu wa miaka mingi, alisimuliwa kwa Kizulu cha kuungaunga, akasema "Eish," akampongeza. Nikiwa kwenye cherehani nilimsikiliza mwenzangu akilikuza jambo lile kila anapolisimulia, mpaka kufikia alasiri yule mpinzani alikuwa ametuma maua.

Yule mama wa Kirundi, kichwa chake kikiwa kimebakiza mistari michache, akauliza, "Sasa atagombea tena?"

"Atagombea. Kichwa chake ni kigumu," mwenzangu akasema. "Na asiposhinda, atashindwa tena." Akamgeuza kuelekea dirishani, kwenye mwanga wangu, akaendelea kusuka.